Kigoda cha Mika

Siku ya soko, wanawake wa vijiji vya Malindi na Rangwi wakiwa wameshateremsha magunia yao ya karoti na kabichi, Janeth alikuja mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha Mzee Sefania, akamwaga mikanda juu ya meza. Janeth alitoka Tanga. Alikuwa na duka la vitu vya ngozi karibu na nyumba za wageni za Lushoto, na ndiye aliyechukua karibu kila kitu alichokitengeneza mzee.

"Shikamoo, mzee," alisema haraka haraka, kama mtu anayelipa ushuru.

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Sikai. Nimekuja kuuliza tu. Haya ni maua au ni minyoo?"

Muuza nyanya wa jirani alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Mzee Sefania aliokota mkanda mmoja, akausogeza karibu na uso, akauweka mbali, akausogeza tena. Mwisho akapitisha kidole gumba juu ya maua aliyoyachonga. Kidole kilifika mahali kikasimama.

"Mimi kazi yako naijua," Janeth akasema, sasa kwa sauti ya chini, jambo lililofanya watu wasogee zaidi. "Wageni wanaiulizia. Hii siyo. Kama siku hizi unampa mtu mwingine kisu, niambie nijue."

Nyuma ya mzee, juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkamwana wake Yudith alikuwa akishona kingo za makubadhi. Yudith alijua kwamba hakukuwa na mtu mwingine. Kazi yake yeye ilikuwa kushona na kupaka rangi. Kisu cha kuchongea hakuwahi kukigusa.

"Ndiyo," mzee alisema. "Nilimpa mtu mwingine."

Macho ya Janeth yakamwendea Yudith. Ya muuza nyanya nayo yakafuata, na ya wateja wake.

"Basi, dada, ujifunzie kwanza kwenye vipande vibovu. Ngozi si kitambaa cha kufutia vumbi."

Yudith alimsubiri mzee aseme neno. Mzee alikuwa akiipanga mikanda, mmoja juu ya mwingine, kwa uangalifu mkubwa, kana kwamba bado ilikuwa na thamani.

"Samahani, dada Janeth," Yudith akasema.

Waliporudi nyumbani jioni ile, mzee alitembea nyuma yake. Njia ya kwao ilipanda kutoka mjini, ikikatiza mashamba ya viazi na miti ya miwati, na tangu kiangazi kilichopita mzee alikuwa hapandi njia ile isipokuwa mbele yake kuna kitambaa chekundu cha Yudith cha kichwani. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichokwenda hakirudi, alisema, dawa itakilinda kilichobaki. Kilichobaki kilikuwa kama kutazama dunia kupitia tundu la ufunguo.

"Utanisamehe," mzee alisema walipofika uani.

"Nimeelewa, baba."

"Hukuelewa. Umevumilia tu." Alitafuta mlango kwa kiganja, akaupata. "Nisingeweza kusema mbele za watu kwamba sioni. Nikishasema, basi, nimekwisha."

*

Mika, mtoto pekee wa Mzee Sefania na mume wa Yudith, alikwenda Mererani kuchimba tanzanite wakati binti yao Lulu alikuwa hajaanza kutambaa. Sasa Lulu alikuwa akienda shule. Pesa zilikuja kwa simu mara mojamoja, pamoja na ahadi. Koti la Mika lilibaki kwenye msumari chumbani, na kila baada ya muda Yudith alilitoa, akalifua, akalianika uani upande wa barabarani ili wapita njia waone nguo ya mwanamume kwenye kamba.

Katika chumba cha kazi kulikuwa na vigoda viwili. Kimoja cha mzee. Cha pili, kilicho chini ya dirisha, kilikuwa cha Mika, na hakuna aliyekikalia. Hata Lulu, ambaye alikalia kila kitu, kile alikizunguka.

Jambo lililowabana sasa lilikuwa jalada. Usharika wa Malindi ulikuwa unamalizia kanisa jipya, na mzee wa kanisa wao, Bwana Ernest, alikuwa ameagiza jalada la ngozi la Biblia ya madhabahuni, lililochongwa ua lile dogo la zambarau linaloota kwenye miamba ya mitoni huku Usambara. Mzee Sefania alilikubali kabla hajakubali kwamba haoni. Tarehe ya kuweka wakfu ilikuwa imeshatangazwa.

"Tumwite Mika," mzee alisema. "Mkono wake ulikuwa unakuja vizuri. Piga."

Simu iliita. Yudith alikuwa na maneno mengi. Alikuwa ameyapanga akipalilia viazi, akayapanga upya akichota maji, na sasa yote yalikuwa mdomoni.

"Haloo, Mama Lulu," ilisema sauti ya Mika, nyuma yake mashine ikinguruma.

"Baba anataka kuongea na wewe," Yudith akasema, akampa mzee simu.

Alisimama karibu ili apate makombo. Alisikia "shikamoo baba", akasikia "tukimaliza hili shimo", akasikia "nitakuja, baba, nitakuja". Simu iliporudi mkononi mwake ilikuwa imekatika. Bado ilikuwa na joto la sikio la mzee. Aliiweka sikioni mwake hivyohivyo, akasimama nayo kidogo, kisha akaenda kuchochea moto.

Walingoja. Mzee alimtuma Lulu akifute vumbi kigoda cha dirishani. Mvua za vuli zilianza, magari yakakwama kwenye kona za kuteremkia Mombo, na hiyo ikawa sababu. Barabara ikafunguliwa, magari yakapita, na sababu ikaisha. Yudith alipopiga tena, sauti ya mwanamke asiyemfahamu ilimwambia kwamba namba anayopiga haipatikani.

"Nifundishe mimi," alisema siku hiyo, bado ameshika simu.

"Kisu kile ni cha Mika."

"Najua, baba."

"Akirudi akikute kwa nani?"

"Kwa mke wake."

Mzee alinyanyuka akatoka nje. Hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso wa mtu aliyeombwa auze shamba la babu yake.

*

Jumapili Yudith alisema kichwa kinamuuma. Lulu alimshika babu yake mkono wakaenda kanisani. Walipopotea kwenye kona ya chini, Yudith aliingia chumba cha kazi.

Kisu cha kuchongea ngozi hakifanani na visu vya jikoni. Chini kina ulimi mfupi mpana, juu ya ulimi kuna shina nene linalozunguka, na kileleni kuna kipande kilichopinda kama tandiko la punda, ambapo hukaa kidole cha shahada. Kidole hicho kinakandamiza, na gumba na kidole cha kati vinalizungusha shina, ili ulimi ugeuke huku mkono umetulia. Yudith alikuwa amekitazama kikifanya kazi tangu alipoolewa. Kilipokuwa mkononi mwa mzee kilikuwa kama kinateleza juu ya siagi.

Aliketi kwenye ndoo yake, akakilowesha kipande cha ngozi kama alivyozoea kulowesha nguo, akaanza kukata duara. Ulimi ulizama, ukakwama, ukageuka upande ambao hakuutaka. Alipofika mwisho, mwanzo haukuwepo. Alikuwa amechora kitu kama yai lililokanyagwa. Alijaribu tena juu ya mchoro uleule ili arekebishe, na pakawa pabaya zaidi. Akakificha kipande chini ya mabaki, akaenda kupika.

Kesho yake mzee alikuwa akitafuta uzi. Vidole vyake vilipita kwenye mabaki, vikaenda mbele, vikarudi.

"Mama Lulu."

"Abee, baba."

"Umelowesha mno."

Yudith alisogea karibu.

"Ngozi ikiwa tepetepe, kisu kinazama na kingo zinavimba. Ikiwa kavu, kisu kinalia. Unailowesha kwa sponji, unaiacha. Halafu unaiweka shavuni. Ikiwa baridi bado, lakini rangi yake imeanza kurudi, hapo ndipo unakata." Kidole chake kilikuwa bado juu ya yai. "Na hapa umekata mara mbili. Ngozi haifutwi. Ukikosea, umekosea." Akakirudisha kipande kwenye mabaki. "Ulikaa wapi?"

"Kwenye ndoo."

"Ndoo ni fupi, ndiyo maana bega limepanda. Kaa kwenye kigoda."

"Kile si changu, baba."

"Najua si chako. Kaa."

*

Alimpa kasha la bati. Ndani mlikuwa na vipande vya ngozi vilivyokauka, vya ukubwa wa kiganja, vimejaa alama.

"Mika alijifunzia hapa. Vimepangwa. Cha chini ndicho cha kwanza. Fuata."

Ndipo kazi ilipoanza, na pamoja nayo kitu ambacho Yudith hakukitegemea. Kipande cha kwanza cha Mika kilikuwa na mistari iliyonyooka tu, na hata hiyo haikunyooka. Kila mstari ulianza kwa nguvu na kuishia kwa kutetereka. Yudith aliweka ncha ya kidole kwenye ufa mmoja, akaufuata mpaka mwisho, na pale ulipotetereka alimwona: kijana ambaye hakuwahi kumjua, kabla ya ndevu, kabla ya posa, ameuma ulimi, baba yake amesimama nyuma yake. Alilowesha ngozi yake mwenyewe, akaiweka shavuni, akakata mstari kama ule.

Kwa muda mrefu hakukata kingine ila mistari. Kisha mipindo. Mzee aliketi karibu ameinamisha kichwa, akisikiliza.

"Umeulaza ulimi."

"Sijaulaza, baba."

"Umeulaza. Nasikia. Usimamishe, ukate kwa pembe ya ulimi, si kwa bapa lake. Jivutie. Usisukume kama mtu anayelima."

Asubuhi alinoa. Mzee alisema kisu kinachongoja mpaka kiwe butu ndipo kinolewe ni kisu cha mvivu, kwa hiyo kila baada ya mikato michache alikivuta kwenye ubao uliogundishwa ngozi na kupakwa dawa ya kung'arishia, akikirudisha nyuma tu, kamwe si mbele. Aliota sugu upande wa kidole cha kati. Siku moja akifua koti la Mika aliikumbuka sugu kama hiyo, kwenye kidole hichohicho, jinsi ilivyokuwa ikimkwaruza begani wakati wa uchumba. Alikaa chini pale uani na koti linalotiririka maji mapajani, mpaka Lulu akaja kuuliza kama anaumwa.

Mambo yalikwama kwenye petali. Petali inataka kisu kianze kizito, kigeuke, na kiishe chepesi, ufa ukipotea kama njia inayoingia msituni. Mzee alieleza kwa maneno, akaeleza kwa kuchora hewani. Petali za Yudith ziliishia ghafla kama zimekatwa kwa panga.

"Ingekuwa Mika, ningemshika mkono," mzee alisema, akakasirika na mikono yake mwenyewe.

Mkwe hamshiki mkamwana wake mkono. Hilo halikuhitaji kusemwa. Mlango wa chumba cha kazi ulikuwa wazi daima, hata kwenye ukungu wa baridi, na bado maneno yalikuwa yameanza. Yaliletwa na Bwana Ernest, aliyeteremka kutoka Malindi kuja kutazama jalada.

"Onga mshi, mgosi," alimwamkia mzee kwa Kishambaa. Alipomwona Yudith kwenye kigoda na kisu mkononi, salamu yake ilipungua nguvu. Walitoka nje wazee wawili, lakini ukuta ulikuwa wa udongo na Bwana Ernest alizoea kusema kanisani.

"Mimi sisemi kitu. Lakini watu wanasema. Mume hayupo, mwanamke amekaa kutwa na baba mkwe. Na tena anaigusa Biblia yetu."

"Anagusa ngozi. Biblia mnayo ninyi."

"Mika anarudi lini?"

"Yuko njiani," mzee akasema.

Aliporudi ndani alikaa kwenye kigoda chake. Kisha alitoa leso mfukoni, ile nyeupe ya kanisani, akaikunjua.

"Mwite Lulu akae hapa mlangoni."

Lulu akaja akaketi kizingitini na daftari lake la shule. Mzee akaitandaza leso juu ya mkono wa Yudith ulioshika kisu, akaweka mkono wake juu ya leso. Ulikuwa mzito na mkavu. Ulikandamiza, ukazungusha, na polepole sana ukaanza kujiondoa, mpaka Yudith akahisi kitambaa tu.

"Hivyo," mzee akasema. "Usikiondoe kisu. Uache uzito uondoke wenyewe."

Petali ya pili aliikata peke yake. Mzee aliipapasa, akaikunja leso akairudisha mfukoni. Baadaye Yudith alimsikia jikoni akimwambia Lulu atie sukari zaidi kwenye chai, yake na ya mama yake.

Vipande vya kwenye kasha viliisha siku ambayo hakuitarajia. Cha mwisho cha Mika kilikuwa na ua lililokatwa nusu. Petali tatu, nzuri kweli, na ya nne imeanzwa na kuachwa. Yudith alilitazama ua lile siku nzima. Alitamani mno Mika angelimaliza, hata kwa kulikosea. Jioni alikata ua zima kwenye ngozi yake, petali zote tano, na alipomaliza alijisikia kama mtu aliyempita mwenzake njiani bila kukusudia, na sasa akigeuka nyuma hamwoni.

Wiki iliyofuata mzee alimkabidhi ngozi ya jalada, ile nene, iliyolainishwa kwa magome ya miwati, aliyoitafuta mwenyewe Mazinde wakati macho yake yalikuwa mazima.

*

Jalada lilikuwa limebakiza kona moja Mika alipofika.

Alikuja mchana, na begi begani, amekonda, meno yameingia vumbi la kahawia. Lulu alijificha nyuma ya mama yake. Mzee alisikia hatua uani, akasimama kabla ya mtu yeyote kusema jina, akagonga meza, akaangusha nyundo ya mti, akafika mlangoni na mikono imenyooshwa. Alimpapasa mwanawe uso mzima. Alicheka, akalia, akaagiza jogoo achinjwe.

Yudith alisema, "Karibu, Baba Lulu," akapokea begi. Maneno yote aliyoyapanga kwa miaka hakuyaona yalikokwenda. Mika alimtazama, akalitazama koti kwenye kamba, akatazama chini.

"Bado unalo?"

"Nalifua tu."

Asubuhi mzee aliamka mapema kuliko wote. Walipomaliza chai aliwaita chumba cha kazi.

"Mama Lulu," alisema, uso wake unang'aa, "mpe mwenzako kisu. Kona hiyo amalizie yeye. Kazi ya kanisa iishe kwa mkono wa mwenyewe."

Yudith alikuwa ameshaketi. Ngozi ilikuwa imeshapata unyevu wake, kisu kimeshanolewa. Alidhani amesikia vibaya.

"Baba, nimeshaandaa, ningemalizia tu…"

"Mpe."

Akanyanyuka. Mika aliketi, akakigeuza kisu vidoleni kana kwamba ni funguo za nyumba aliyokwisha kuihama. "Ni siku nyingi, baba."

"Mkono hausahau."

Mika akakata. Yudith alisimama karibu na mlango, mahali pa wageni, akaona ulimi umelala, kingo zimevimba, petali imevuka mpaka wake na kuingia kwenye petali ya jirani. Alitazama uso wa mzee. Mzee huyu, ambaye alisikia ulimi ukilala kabla yeye mwenyewe hajajua, ambaye hakumwachia kosa hata moja, alikuwa ameinamisha kichwa akisikiliza, na midomo yake ilikuwa inatabasamu.

"Vizuri," alisema. "Vizuri sana. Endelea."

Kwa miezi yote ile hakuwahi kumwambia yeye neno hilo. Yudith alihisi uso unamchoma, kama siku ile sokoni, na zaidi.

Ni Mika aliyeacha. Alikilaza kisu juu ya meza.

"Nimeharibu, baba."

"Hujaharibu."

"Nimeharibu. Na wewe umesikia."

Mzee hakutabasamu tena. Alinyoosha mkono kuigusa ngozi, akaurudisha kabla haujafika.

*

Mika alimfuata Yudith shambani. Yudith alikuwa anachimba viazi kwa nguvu kuliko viazi vilivyohitaji.

"Sikujua unafanya wewe," Mika alisema. "Nilipoliona jalada jana nilidhani ni mkono wa baba wa zamani. Nikasema, kumbe mzee bado yupo."

"Kaa basi. Kigoda chako kipo. Mimi nitarudi kwenye ndoo yangu."

"Sikitaki, Yudith." Alimwita jina lake, si Mama Lulu, na jembe likasimama. "Sikuwahi kukitaka. Nilikuwa namwogopa tu. Kila nikikikalia nasikia anapumua nyuma yangu. Siku niliyoacha lile ua katikati, niliondoka nikijua sitalimaliza, na sikumwambia mtu."

"Hata mimi."

"Hata wewe." Aliokota kiazi, akakifuta udongo kwa gumba. "Twende wote. Nimepata chumba. Si kizuri, lakini kina mlango wa chuma na umeme. Nimechoka kula peke yangu. Lulu atasoma kule."

Hayo ndiyo maneno. Yudith alikuwa ameyasubiri akilala, akiamka, akipanga foleni bombani. Aliyasikiliza yakifika, moja moja, na mwili wake wote ukayaitikia. Alimtamani Mika akiwa amesimama mbele yake pale kwenye matuta, vumbi la meno na yote.

"Na baba?"

"Tutamtafutia mtu."

"Mtu gani, Mika? Wa kumtangulia njiani? Wa kumsomea dawa ipi ya asubuhi na ipi ya jioni?" Alilichomeka jembe ardhini. "Ungesema haya mwaka jana. Mwaka jana ningeacha hata sufuria jikoni."

"Na sasa?"

Jibu lenyewe lilimtisha. Si baba mkwe peke yake aliyemshika. Kuna kona ya jalada iliyoharibiwa, na mikono yake ilikuwa inajua jinsi ya kuanza upya, na ilitaka kuanza. Hakujua mtu anamwambiaje mumewe jambo kama hilo.

"Sasa sijui," alisema.

*

Mika alikaa mpaka likizo yake ikaisha. Alimzoea Lulu, akamchongea gari la mti, akaziba paa la jiko. Siku ya kuondoka mzee alimuaga nyumbani. Alisema magoti yanamsumbua. Alimwekea mkono kichwani, akamwombea kwa Kishambaa, sala ndefu iliyorudia jina lake mara nyingi.

Yudith alimsindikiza stendi, Lulu akiwa shuleni. Begi la nguo zake na za mtoto alikuwa amelifunga jana, akalifungua, akalifunga tena, na asubuhi akaliacha juu ya kitanda. Mika aliliona alipokuwa akivaa viatu. Hakuuliza.

Ndani ya basi aliweka begi lake kwenye kiti cha jirani, akafungua dirisha.

"Nimekishika," alisema, akionyesha kiti. "Ukibadili mawazo hata gari likianza kwenda, piga bodi."

"Jiangalie huko chini, Mika. Vaa kofia."

"Navaa."

"Upige simu. Na ukipiga, uanze kuongea na mimi."

Alicheka kidogo, macho yamejaa. Konda aligonga bodi. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alimuuliza Mika kama kiti kina mtu. Mika alimtazama Yudith kupitia dirishani, na Yudith akasimama pale, mikono imeshika pindo la kitenge, mpaka Mika akalinyanyua begi akalipakata.

Basi lilipoteremka kona ya kwanza alikuwa bado amesimama. Muuza nyanya alipita na tenga lake. "Pole, Mama Lulu," alisema, safari hii bila kucheka. "Nimeshapoa," Yudith akajibu, kwa mazoea.

Alipanda njia peke yake. Alipofika uani alikuta mlango wa chumba cha kazi wazi. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda chake. Mbele yake kulikuwa na ngozi mpya ya jalada, ndogo kuliko ile iliyoharibika, ambayo itabidi iungwe mgongoni, na alikuwa akiipapasa pembe zake. Alisikia hatua. Alinyanyua kichwa haraka.

"Mika?"

Yudith alisimama kizingitini. "Ni mimi, baba."

Uso wa mzee ulisawijika, na hakupata nafasi ya kuuficha. Alijua kwamba Yudith ameona.

"Nilidhani umekwenda naye," mzee alisema. "Niliona… nilisikia ukifunga begi. Nikasema, ni haki yake. Sikutaka kukushika."

"Hukunishika."

"Ulitaka kwenda?"

"Nilitaka."

"Na sasa?"

Yudith aliingia, akaketi chini ya dirisha. Angeweza kumwambia uongo mzuri, na mzee angeupokea.

"Bado nataka, baba."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesikia habari za nyumbani kwao.

"Na mimi," akasema. "Kila gari likiguna pale kona, nasema ndiye." Kisha, bila kugeuka: "Siku ile nilimwambia vizuri. Haikuwa vizuri. Yako ndiyo vizuri. Sikukuambia."

"Umeniambia."

Aliipokea ngozi, akaipitishia sponji, akaiacha ivute maji. Nje ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni na kuingia kwenye miwati. Lulu alirudi kutoka shule, sare yake ina matope magotini, akatupa mfuko mlangoni.

"Babu, baba ameshafika Mererani?"

Yudith aliinama juu ya ngozi.

"Yuko njiani, mjukuu wangu," mzee akasema. "Nenda kaoshe mikono."